Madini ya bati yanatoka Bisie, mashine ya figo haifiki

Mwezi wa tano mwaka 2025, huko Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio lao la kwanza kuhusu afya ya figo. Zilikubaliana kwamba ugonjwa wa figo uingizwe katika mipango ya afya ya kila nchi, utafutwe mapema, na matibabu yake yaanzie kwenye vituo vya chini. Miezi miwili mbele ya hapo, tarehe 19 mwezi wa tatu, wapiganaji wa M23 waliingia Walikale-centre. Siku chache kabla, kampuni inayochimba bati Bisie ilikuwa imesimamisha kazi. Ilianza tena hatua kwa hatua tarehe 9 mwezi wa nne, baada ya wapiganaji kuondoka.

Habari ya Bisie ilipandisha bei ya bati katika soko la London. Habari ya Geneva ilipita kimya, hata ndani ya makanisa yetu. Wapendwa, naomba tuzisome habari hizi mbili pamoja, kwa sababu zinahusu watu wale wale.

Bisie iko katika teritwari ya Walikale, ndani ya msitu. Tangu kasiterite ilipogunduliwa pale mwanzoni mwa miaka ya 2000, maelfu ya vijana wetu walienda kuchimba, na wengine walibeba magunia mgongoni kwa mwendo wa siku mbili mpaka Njingala. Leo mgodi wa kampuni pekee unatoa yapata asilimia 6 ya bati yote inayochimbwa duniani. Mwaka 2024 ulitoa tani zaidi ya 17,000. Bati hiyo inatumika zaidi kwa kulehemu nyaya ndogo ndani ya vyombo vya elektroniki: simu, kompyuta, redio, na pia mashine za hospitali. Ndani ya mashine inayosafisha damu ya mgonjwa wa figo mna bati. Basi jirani wa mgodi ambaye figo zake zimekufa anaona kitu kinachosaidia kutengeneza mashine kikipita mbele ya nyumba yake, lakini mashine yenyewe hataiona.

Kazi ya figo na kazi ya mashine

Figo zetu mbili huchuja damu usiku na mchana. Kwa siku moja huchuja maji yapata lita 180, zikarudisha karibu yote mwilini na kutoa uchafu kupitia mkojo. Zikishindwa, uchafu unabaki katika damu. Mtu anavimba miguu na uso, anachoka, anatapika, anakosa pumzi, na mwisho moyo unasimama.

Dializi ni kusafisha damu kwa mashine badala ya figo. Damu inatolewa kwa mrija, inapita ndani ya kichujio, inarudi mwilini. Kwa kawaida mgonjwa anafanya hivyo mara tatu kwa juma, saa nne kila mara, maisha yake yote au mpaka apandikizwe figo nyingine. Kila mara mashine inatumia maji safi sana, yapata lita 120. Inataka pia umeme usiokatika, vichujio, dawa, fundi na wauguzi waliosomea kazi hiyo.

Nimeandika hesabu hii ili tuelewe kwa nini mashine moja ya zawadi haiwezi kuokoa Walikale. Mashine bila maji, umeme na fundi ni sanduku tu. Hata mjini hali si rahisi. Goma ilipotekwa mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, umeme na maji vilikatika, kiwanja cha ndege kilifungwa, na benki zilifunga milango. Mwenye malaria anaweza kungoja dawa kesho. Mtu wa dializi akikosa juma moja, anaweza kufa.

Mashine iliyozaliwa vitani

Wengine watasema: subirini amani kwanza, ndipo tuzungumze juu ya figo. Historia inajibu tofauti. Mashine ya kwanza iliyookoa mtu ilitengenezwa Uholanzi wakati nchi hiyo ilikuwa imekaliwa na jeshi la Hitler. Daktari kijana, Willem Kolff, alifanya kazi katika hospitali ndogo ya mji wa Kampen. Hakuwa na kiwanda. Alitumia utando wa kufungia soseji kama kichujio, na vyuma alivyovipata hapa na pale. Wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walifariki. Mwezi wa tisa 1945 mgonjwa mmoja aliamka, akaishi. Alikuwa mama wa miaka 67 aliyefungwa kwa sababu alishirikiana na maadui waliokalia nchi. Kuna waliosema heri angeachwa afe. Kolff alimtibu kama mgonjwa mwingine yeyote.

Sisi tunaoishi kati ya makundi yenye silaha, ambapo mgonjwa anaulizwa kwanza lugha yake na kijiji chake, tunaelewa uzito wa jambo hilo.

Miaka kumi na mitano baadaye, huko Seattle nchini Marekani, Daktari Belding Scribner alipata njia ya kuunganisha mrija kwenye mkono wa mgonjwa ili dializi irudiwe mara nyingi. Lakini vitanda vilikuwa vichache na wagonjwa wengi. Iliundwa kamati ya watu saba, wengi wao si madaktari, wachague nani ataishi. Mmoja wao alikuwa mchungaji. Gazeti la Life lilipotangaza habari hiyo mwaka 1962, watu walishtuka kusikia kwamba kamati iliangalia pia ndoa ya mgonjwa, kipato chake, hata kama anaenda kanisani. Mjadala ulidumu miaka kumi. Mwaka 1972 bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba serikali ilipe dializi kwa karibu kila mgonjwa anayeihitaji.

Kwetu hakuna kamati ya watu saba. Barabara, vizuizi na mfuko wa mtu ndivyo vinavyochagua. Kwa sababu hakuna mtu anayekaa mezani kuamua, hakuna anayeona aibu. Mwaka 2015 watafiti walihesabu katika jarida la Lancet kwamba mwaka 2010 watu milioni 2.6 duniani walikuwa wakipata dializi au figo ya kupandikizwa, na wengine wasiopungua milioni 2.28 huenda walikufa kwa kukosa matibabu hayo, wengi wao Asia na Afrika. Jirani zetu wameanza kubadilisha hali hiyo. Muhimbili ya Dar es Salaam ilipandikiza figo mwaka 2017. Kigali na Kampala zilianza mwaka 2023. Tusidhani basi kwamba matibabu ya figo ni mambo ya Ulaya tu.

Wakongomani walivyofundisha dunia

Tusidhani pia kwamba utafiti wa figo unafanywa mbali na sisi. Mwaka 2009 Profesa Ernest Sumaili na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kinshasa walitangaza matokeo ya kupima watu wazima wapatao 500 wa mji huo. Asilimia 12.4 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo, na karibu wote hawakujua. Hivyo katika kanisa la watu wazima mia moja, kumi na wawili wanaweza kuwa wanaimba na kucheza huku figo zinaharibika polepole.

Mwaka 2019 Daktari Justine Bukabau wa Kinshasa, pamoja na wenzake wa Abidjan na Ulaya, walitangaza kazi nyingine. Ili kujua nguvu ya figo, madaktari hupima kreatinini katika damu kisha hupiga hesabu. Kwa miaka mingi hesabu hiyo ilikuwa na nyongeza kwa kila mtu mweusi, kwa kufuata vipimo vya Wamarekani weusi. Watafiti hao walipima figo za watu wa Kinshasa na Abidjan kwa njia ya uhakika zaidi, wakaona kwamba bila nyongeza ile hesabu inakuwa sahihi zaidi. Nyongeza ilifanya figo mgonjwa ionekane nzima. Mwaka 2021 Wamarekani wenyewe walitoa hesabu mpya isiyouliza rangi ya mtu.

Kuna pia habari ya jeni inayoitwa APOL1. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba aina mbili za jeni hiyo, zinazopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, zinasaidia mwili kupambana na vijidudu vya malale, lakini mtu aliyezirithi kutoka kwa baba na kwa mama ana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa figo. Watafiti wa Kivu ya Kusini wamechunguza jeni hiyo kati ya wakaaji wa jimbo lao. Mwaka 2023 dawa mpya, inaxaplin, ilipunguza karibu nusu ya proteni iliyopotea katika mkojo wa wagonjwa wachache walioijaribu. Majaribio makubwa yanaendelea. Siku dawa hiyo itakapokubaliwa, swali letu litakuwa kama itafika kwa watu ambao damu yao ilisaidia kuigundua.

Utafiti upi unatufaa leo

Si kila jambo jema la utafiti linaweza kutumika mahali popote. Mwaka 2023 jaribio lililofanywa Ulaya kwa wagonjwa 1,360 lilionyesha kwamba aina bora ya kusafisha damu, inayochuja kwa nguvu zaidi, inapunguza vifo: asilimia 17.3 walifariki, kulinganisha na 21.9 kwa njia ya kawaida. Ni habari njema, lakini njia hiyo inataka maji mengi na safi zaidi. Inafaa hospitali za miji mikubwa.

Kwa hospitali kuu za teritwari kuna njia nyingine: dializi ya tumbo. Maji ya dawa yanaingizwa tumboni kwa mrija, utando wa ndani ya tumbo unafanya kazi ya kichujio, kisha maji yanatolewa pamoja na uchafu. Haihitaji mashine wala umeme. Tangu mwaka 2012 madaktari wa figo wa mataifa mbalimbali wana mpango wa kufundisha hospitali za nchi maskini kuitumia kwa watoto na vijana ambao figo zimesimama ghafla. Miongozo yao inakubali hata maji hayo yatayarishwe hospitalini kutokana na serumu za kawaida, kwa usafi mkubwa, pale mifuko ya kiwanda inapokosekana. Figo iliyosimama ghafla mara nyingi inarudi kufanya kazi baada ya siku au majuma machache. Mgonjwa huyo hahitaji mashine ya maisha yote, anahitaji kusaidiwa kuvuka. Mwaka 2013 madaktari hao waliweka lengo kwamba ifikapo 2025 mtu asife tena kwa figo iliyosimama ghafla bila kutibiwa. Mwaka wenyewe ulitukuta vitani.

Kwa kituo cha afya cha kijiji, kinachofaa ni rahisi zaidi: chombo cha kupima tansiyo, kikaratasi kinachotumbukizwa katika mkojo kuonyesha proteni na sukari, na vidonge vya tansiyo vinavyopatikana kila mwezi. Tansiyo na ugonjwa wa sukari ndizo njia kubwa zinazoua figo. Mwaka 2020 jaribio la watu 4,304 wenye ugonjwa sugu wa figo lilionyesha kwamba kidonge kimoja cha kila siku, dapagliflozin, kilichotengenezwa kwanza kwa ajili ya ugonjwa wa sukari, kilipunguza kwa asilimia 39 hatari ya figo kuharibika zaidi au ya kufa kwa ugonjwa wa figo au wa moyo. Daktari ndiye anayejua nani apewe. Sisi tunachopaswa kujua ni kwamba vidonge vinaweza kuchelewesha siku ya mashine.

Hatari za mgodini

Bisie, na hata Rubaya upande wa Masisi, kuna hatari zake za pekee. Ya kwanza ni kuporomoka kwa mashimo. Mwaka 1941, London ikipigwa na mabomu, Daktari Eric Bywaters aliona watu waliotolewa chini ya kuta wakiwa hai, wakazungumza na jamaa zao, kisha wakafa baada ya siku chache kwa sababu figo zilisimama. Misuli iliyobanwa inamwaga sumu katika damu mara mzigo unapoondolewa. Wachimbaji wetu wanaijua habari hiyo bila kujua jina lake: “Alitoka mzima, akafa siku ya tatu.” Miongozo ya leo inasema kwamba, inapowezekana, muuguzi amwekee mtu serumu kwenye mshipa akingali chini ya jiwe, kabla ya kuliondoa. Kikundi cha uokoaji cha mgodi kinaweza kufundishwa hilo.

Ya pili ni joto na kiu. Huko El Salvador na Nicaragua wakata-miwa vijana walikufa kwa ugonjwa wa figo bila kuwa na sukari wala tansiyo, na watafiti wengi wanaona kazi ngumu katika joto bila maji kuwa sababu kubwa. Ya tatu ni vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, vinavyonunuliwa kila siku kioskini ili mgongo uweze kubeba gunia. Vikimezwa mara kwa mara na mtu mwenye kiu, vinaumiza figo. Ya nne ni malaria kali na kuhara. Watafiti wa Uganda wameonyesha kwamba watoto wengi wenye malaria kali figo zao zinaumia pia, na hao ndio wanaokufa zaidi. Mtoto anayekojoa mkojo mweusi kama kahawa apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Ya tano ni zebaki, ambayo wachimbaji wa dhahabu wanaitumia kwa mikono mitupu. Zebaki imo pia katika sabuni na mafuta mengine ya kung'arisha ngozi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichunguza wagonjwa 60 wa figo waliovimba mwili, wakakuta zaidi ya nusu walikuwa wametumia mafuta ya namna hiyo. Akina mama na dada zetu wanaoyanunua sokoni wanastahili kuambiwa.

Karuho

Kuna jambo ambalo daktari hatalisema kanisani, basi mchungaji alitamke. Mtu akivimba, akakonda usoni, akatapika kila asubuhi, kwetu neno la kwanza ni karuho: amepewa sumu. Familia inatafuta aliyempa kinywaji. Inampata mara nyingi mama mzee, mjane, au jirani wa kabila lingine. Mgonjwa anapelekwa kunyweshwa majani ya kutapisha, na dawa hizo zinamaliza nguvu ndogo iliyobaki katika figo. Hivyo tunapoteza watu wawili: mmoja kwa ugonjwa, mwingine kwa mashtaka ya uongo, na yeye anaweza kupigwa au kufukuzwa kijijini.

Kipimo cha kreatinini na kikaratasi cha mkojo vinaweza kuokoa mgonjwa na pia jirani yake. Wachungaji, tusikubali kuombea mtu “aliyelogwa” kabla ya kuuliza kama amepimwa tansiyo, sukari na mkojo. Wala tusimwambie mtu atupe vidonge vyake kwa sababu tumemwekea mikono. Mungu anayeponya hakosewi heshima na kidonge.

Katika Agano la Kale, pale ambapo Biblia yetu ya Kiswahili inasema “viuno” inapoeleza jinsi Bwana anavyompima mtu ndani, neno la Kiebrania ni figo. Waebrania waliona figo kuwa mahali pa siri ambapo Mungu peke yake anatazama. Figo za wakaaji wa Bisie zinapima leo siri za kanisa, za serikali na za wanaonunua madini.

Tufanye nini

Kwanza, tutumie tulicho nacho. Makanisa ya Kiprotestanti yana hospitali na vituo vya afya katika sehemu nyingi za mashariki, na tangu mpango wa SANRU ulipoanza mwaka 1981 tumesaidia kuendesha zone za afya ambapo serikali haikufika. Tuombe kila kituo chetu kiwe na chombo cha tansiyo kinachofanya kazi na vikaratasi vya mkojo, na kila hospitali yetu kuu iulize namna ya kufundisha daktari mmoja na wauguzi wawili dializi ya tumbo.

Pili, tuulize juu ya pesa za madini. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inasema kwamba kampuni ya kuchimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pale. Inasema pia kwamba katika mrabaha wa madini, asilimia 25 ni ya jimbo na 15 ni ya sekta au chefferie ambamo mgodi uko. Haki hizo zimeandikwa. Wawakilishi wa makanisa wakae katika mikutano inayopanga matumizi yake, waulize ni kiasi gani kinaenda kwa maji safi, dawa za tansiyo na gari la wagonjwa. Wasiulize kwa matusi, waende na karatasi mkononi.

Tatu, tuanzishe mituweli ya matibabu kati ya parokia, hata kwa mchango mdogo wa kila mwezi. Haitalipa dializi ya maisha yote, na tusidanganye watu. Inaweza kulipa kipimo, vidonge, na safari ya kwanza kwa kipoyi au pikipiki.

Nne, tukae na wale ambao hawatafika kwenye mashine. Wapo, na watakuwepo mwaka huu na mwaka ujao. Wanahitaji dawa ya kupunguza maumivu na kubanwa pumzi, mtu wa kuwasafisha, na mchungaji asiyewatoza sadaka ya muujiza. Yule mgonjwa wa Bethzatha alilala miaka 38 kando ya maji, na alipoulizwa, shida aliyoitaja ni kwamba hakuwa na mtu wa kumsaidia kuingia. Wenye nguvu walimtangulia kila mara.

Siku ya Figo Duniani huwa Alhamisi ya pili ya mwezi wa tatu. Napendekeza Jumapili inayoifuata, kila parokia yetu kuanzia Walikale mpaka Masisi, na katika kambi za wakimbizi pia, imwalike muuguzi mmoja akae mlangoni na chombo cha tansiyo baada ya ibada. Aanze na mchungaji. Majina ya wale watakaokutwa na tansiyo ya juu yaandikwe, na shemasi mmoja apewe kazi ya kuwatembelea kila mwezi na kuuliza kama vidonge vimeisha.